Nguo ni Mwili

"Madamu, tumepungua mmoja."

Aliyesema hivyo alikuwa binti wa darasa la nne, mpira wa soksi kaubana kwapani, vumbi limempanda mpaka magotini. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, mwezi wa saba mwaka 2023, nami nimesimama chini ya mwarobaini na kikombe changu cha chai ya rangi. Nilidhani anataka nimtafutie mwenzake, nikaanza kuangaza uwanjani nione nani kakaa bure. Akatikisa kichwa. "Wewe, madamu. Ingia kati."

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 21, mingi kati ya hiyo hapa hapa Temeke. Nimesimama pembeni mwa rede mara zisizohesabika. Nimepuliza filimbi, nimeamua ugomvi, nimeosha magoti yaliyochubuka, nimenyang'anya mipira iliyoingia darasani kupitia dirishani. Hakuna mtoto aliyewahi kuniambia niingie kati. Siku nyingine nilimuuliza yule binti kwa nini aliniita mimi. Alinitazama kama nimeuliza jambo lililo wazi kabisa. "Si ulikuwa karibu?"

Nikaweka kikombe kwenye mzizi wa mwarobaini, nikavua viatu, nikaingia.

Kwa ambaye hakukulia kwenye rede: wapigaji wawili wanasimama, kila mmoja upande wake, hatua kama kumi na tano kati yao, na wengine wote wako katikati. Mpira unapigwa huku na huku, walioko kati wanakwepa. Ukiguswa unatoka. Pale katikati kuna chupa, na aliyebaki anatakiwa aijaze mchanga kwa mikono huku mpira ukimwandama. Ikijaa anaimwaga, na wote waliotoka wanarudi ndani. Kwa hiyo anayejaza chupa hajijazii mwenyewe. Wale wanaopiga kelele kwenye mstari wanapiga kelele kwa sababu roho zao ziko viganjani mwake. Zamani chupa yetu ilikuwa ya soda, ya kioo, ukiisimamisha imesimama. Watoto wa sasa wanatumia ya maji, ya plastiki, ambayo ikiwa tupu hata upepo unaiangusha, hivyo viganja vitatu vya kwanza unaishikilia kwa kisigino.

Nilikaa kati labda dakika mbili. Mpira ulikuja kwa nyuma, nikajipinda, nikausikia ukipita kwenye pindo la gauni langu la kitenge.

"Madamu umeguswa."

"Haujagusa mwili. Umegusa nguo."

"Nguo ni mwili!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama wanaosoma ubaoni.

Nikatoka. Na nilipofika kwenye mstari niligundua kwamba nimekasirika. Nilikuwa na hasira safi ya mtoto wa miaka tisa, moyo unadunda, nyayo zinawaka kwa mchanga wa moto, na ulimwenguni kote sitaki kitu kingine isipokuwa yule mtoto aliyebaki ajaze ile chupa nirudi ndani. Chai yangu ilipoa. Kengele ilipogongwa nilikuwa mtu wa mwisho kutoka uwanjani.

Usiku mapaja yaliniuma, na yaliendelea kuniuma siku tatu. Nilipolala nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilitaka jambo kiasi kile, jambo lisilo na mshahara, cheti wala shukrani ya mtu. Nikarudi mbali sana.

Nilizaliwa mwaka 1978 kwenye kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza. Kambi ndilo jina la zile nyumba za wafanyakazi, zimepangwa mistari mistari, kila mstari na bomba lake. Baba alifanya kazi korona, kwenye ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa tupu, na alirudi jioni na harufu yake, kali na chachu, ambayo hadi leo nikiipata popote namwona baba mlangoni. Watu walikuwa bado wanauita mkonge dhahabu ya kijani, ila nilipopata akili dhahabu yenyewe ilikuwa imeshapauka. Kamba za plastiki zilikuwa zimeteka soko la kamba duniani, na vitalu vingine vilikuwa vinarudi pori. Watoto tulijuaje hayo? Kwetu katani ilikuwa ya kufungia mpira wa matambara na ya kusokota kamba ya kurukia. Wavulana walichukua lile shina refu la ua la mkonge, ambalo likikauka linakuwa jepesi kama sponji, wakachonga magari.

Kambi ilikuwa na watu wa kila mahali, kwa kuwa mashamba yale tangu enzi za manamba yaliita vibarua kutoka pembe zote. Babu mzaa mama alitoka Songea kwa mkataba, akabaki. Jirani wa kulia walikuwa Waha, wa kushoto Wamakonde, nyuma yetu familia ya Kirundi, na Wabondei ndio wenyeji. Kila nyumba ilikuja na michezo yake, na kila mchezo ulikuja na sheria zake. Mdako wa mbele ya nyumba ya Waha ulikuwa na kokoto nyingi kuliko wa kwetu. Kwenye rede kulikuwa na waliosema nguo ni mwili, na waliosema nguo si mwili maana haiumi. Tulibishana hadi giza likaingia. Nikijaribu leo kukumbuka mchezo mmoja mzima, mwanzo mpaka mwisho, nakumbuka zaidi mabishano. Nani kaguswa, nani kavuka mstari, nani kahesabu kwa kuruka namba. Tuliapa kwa majina ya mama zetu. Kesho yake tulianza pale pale tulipoishia.

Mwaka 1990, nikiwa na miaka 12, nilikuwa kati peke yangu. Wenzangu wanne walikuwa nje wananisubiri. Mchanga ulikuwa umefika shingoni mwa chupa, imebaki viganja viwili au vitatu. Mama akaniita kutoka mlangoni, na kwa sauti ile nilijua si wito wa kutumwa dukani. Alikuwa ameona damu kwenye gauni langu kabla mimi mwenyewe sijajua.

Nilikuwa nimevunja ungo. Nikaingizwa ndani, bibi mzaa baba akaitwa, nikafundwa niliyofundwa. Mengi yalikuwa mazuri na ninayashukuru. Lakini neno la kwanza kabisa lilikuwa hili: kuanzia leo hakuna rede, hakuna kurukaruka na wavulana, umeshakuwa mtu mzima. Niliwasikia wenzangu kupitia ukuta wa udongo. Walisubiri kidogo. Kisha nikasikia wakianza upya.

Sisemi bibi alikosea kunifunda. Nasema tu kwamba mtoto anaweza kufunzwa usafi, adabu na tahadhari bila kuambiwa kwamba raha yake imekuwa aibu. Na wavulana wa rika langu hakuna aliyewaita ndani. Waliendelea kucheza mpira mpaka wakaoa, wengine wanacheza hadi leo, veterani, kila Jumamosi.

Baada ya hapo nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa, nikazaa watatu. Ungeniuliza kama nacheza ningesema ndiyo. Nilicheza na wanangu ili wakuze akili. Nilijiunga na jogingi ya mtaani kwa sababu presha ilikuwa inapanda. Mwaka mmoja niliitwa kwenye bonanza la wafanyakazi: fulana za rangi moja, spika kubwa kama kabati, kukimbia na magunia, kuvuta kamba, kufukuza kuku. Tulicheka sana na picha zipo. Ila nilirudi nyumbani nimechoka tu, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini. Sasa najua. Siku ile yote hakuna aliyebisha. Timu yetu ilivutwa kwenye kamba ilhali wenzetu walikuwa wamezidi mtu mmoja, tuliona, tukacheka, tukapiga makofi. Aliyemshika kuku alitafuta wa kumpa. Hakuna kati yetu aliyekuwa anataka kushinda, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anacheza.

Hilo ndilo walilonifundisha watoto wa darasa la nne. Watu wazima tunadhani kucheza ni kulegeza, ni kuchukulia mambo kirahisi. Mtazame mtoto aliye kwenye rede. Hajalegeza kitu. Amekaza macho, midomo imekauka, akifa amekufa kweli na akifufuka amefufuka kweli. Anajua fika kwamba ni mchanga na chupa ya maji, na hapo hapo hakuna jambo kubwa zaidi duniani. Sisi tunaingia mchezoni tukiwa tumeshajitoa nusu, ili tukishindwa tuweze kusema tulikuwa tunatania.

Jambo la pili lililonigusa ni kuwa mtu wa sita. Nje ya ule mstari mimi ni madamu, mama, mke, mdhamini wa mkopo wa shemeji. Ndani ya mstari nilikuwa wa sita, waliyempungukiwa. Hawakunionea huruma kwa umri wangu na hawakunipa heshima ya kunikosakosa. Wiki ya pili walikuwa wameshajua kwamba nakwepa vizuri kushoto na vibaya kulia, wakawa wananipiga kulia. Sijui kama kuna namna bora ya kumheshimu mtu kuliko kumchunguza vile.

Nilicheza mara mbili au tatu kwa wiki. Kisha likatokea jambo ambalo lilikuwa kosa langu. Siku hiyo nilikuwa mwalimu wa zamu, kazi yangu ikiwa kuangalia uwanja mzima, nami nikaingia rede. Upande wa vyoo mtoto wa darasa la kwanza akaanguka kwenye ngazi, akapasuka kidevu, na ilichukua muda kabla sijasikia kilio chake, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye chupa. Alishonwa nyuzi tatu. Nilikwenda kwao jioni kumwomba radhi mama yake, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo nikiwa wa zamu sichezi, hata wakiniita vipi. Watoto nao wanajua. Wakiniona na filimbi shingoni hawaji.

Mkuu mmoja wa kazi aliniita pia, kwa suala jingine. Aliniambia mwalimu hapaswi kurukaruka na wanafunzi, heshima inashuka. Nilimsikiliza, kisha nikamwambia ukweli kama ninavyouona: darasa langu lina watoto zaidi ya 100, na tangu nianze kucheza sijawahi kuhitaji kupaza sauti zaidi ya mara moja. Mtoto aliyekutoa nje kwa haki uwanjani anakubali umtoe nje kwa haki darasani. Hakukubaliana nami. Ila hakunikataza.

Mwaka uliofuata mama alikuja Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ana miaka sabini na zaidi, anaishi bado Muheza. Tulifuata masharti ya daktari ya kutoinama na kutoinua vitu vizito. Wiki kadhaa zilipopita na jicho likatulia, akawa hana la kufanya mchana kutwa ila kukaa uani akishangaa rangi za kanga za majirani, ambazo alisema amezisahau zilivyo.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza mdako. Hata mume wangu alikuwa amezoea. Mara ya kwanza aliponikuta nimekaa chini uani na kijishimo mbele yangu hakusema kitu. Kesho yake alirudi na kokoto kumi na mbili kutoka kwenye nyumba inayojengwa mtaa wa pili, za ukubwa mmoja, ameziosha.

Mdako ni mchezo wa jicho na mkono. Unarusha jiwe juu, na kabla halijashuka unazikomba kokoto zote kutoka shimoni, unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote ila moja. Hivyo hivyo mpaka shimo liwe tupu, kisha unarudia kwa kuacha mbili mbili, tatu tatu. Mkono ukikomba vibaya, au jiwe likakuponyoka, zamu imekwenda.

Nilikuwa nacheza peke yangu alasiri ile, mama kwenye kigoda. Nikarusha, nikarudisha, nikaendelea.

"Umeacha mawili," akasema.

Nikatazama. Kweli, kokoto mbili zilikuwa nje badala ya moja.

"Umeonaje kutoka hapo?"

"Si nimetengenezwa jicho? Leta."

Akashuka kwenye kigoda taratibu, akakunja miguu pembeni kama mwanamke anayechambua mchele, akalichukua jiwe la kurushia na kulipima uzito. Mara ya kwanza lilimkosa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akarusha chini zaidi, kimo cha kidevu tu, mkono ukakomba kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwake, mfupi na wa pembeni, kama kuku anayeparura. Akadaka. Akaenda mpaka tatu tatu bila kukosea, na mimi nimekaa kimya.

"Kambi nzima hakuna aliyenishinda," akasema. "Hata wavulana."

"Sikuwahi kukuona ukicheza, mama."

"Ungenionaje? Niliacha kabla sijakuzaa."

"Uliacha lini?"

Hakunijibu upesi. Alipanga kokoto shimoni moja moja.

"Siku mama yangu alipoona damu," akasema. Kisha: "Haya, zamu yako. Na usinionee huruma, nakuona."

Tulicheza mpaka magharibi. Hatukuzungumzia tena ile siku ya 1990, wala sikuona haja. Lakini alipoondoka kurudi Muheza alibeba kokoto tano kwenye fundo la kanga yake, nami nilizihesabu zilizobaki nikajua, nikanyamaza.

Nina kikoba, wanawake 23, tunakutana Jumapili saa kumi. Wengi wanajua mambo hayo: sanduku lenye kufuli tatu, washika funguo watatu wa nyumba tofauti, hisa, marejesho, faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita. Ni watu walioshika uchumi wa nyumba zao kwa meno. Jumapili moja tulimaliza mapema, na nikasema tu, bila kujipanga: nani anacheza rede?

Kimya. Wengine walidhani natania. Kisha akasimama mkubwa wetu kuliko wote, ana miaka 61, anauza samaki wa kukaanga anaowafuata Feri alfajiri. Akakaza kanga kiunoni, akauliza, "Mpira uko wapi?" Hapakuwa na mpira. Mtu akavua soksi za mwanawe aliyekuwa amelala mkekani, nyingine zikaanuliwa kwenye kamba, mpira ukapatikana.

Tumecheza karibu kila Jumapili tangu hapo. Wanaotazama kutoka barazani walicheka wiki mbili za kwanza, ya tatu wawili wao wakaomba kuingia. Kuna mwenzetu aliyefiwa na mume mwaka jana. Alikaa Jumapili nyingi pembeni ameshika pochi za wengine. Siku aliyoingia kati alipigwa mgongoni sekunde ya kwanza, akageuka akapiga kelele, "Hukuhesabu! Hukusema tayari!" kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba. Mpigaji akambishia bila kurudi nyuma hata hatua moja. Niliona vizuri kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, na nilimpenda kwa hilo.

Shida yetu ni madera. Dera lina upana wa kutosha kufunika watu wawili, na mpira ukipita popote karibu unaligusa. Mweka hazina wetu, mwanamke anayehesabu sarafu mara tatu kabla ya kuandika, amegoma kabisa kutoka nje kwa kuguswa dera. Anasema dera si mwili, dera ni hewa. Wiki iliyopita tulisimama uwanjani nusu saa nzima, jua linazama, chupa imejaa nusu, na kila mtu ana hoja. Wa Kigoma alisema kwao nguo ni mwili na hapajawahi kuwa na mjadala. Wa Lindi alisema kwao unapigwa au hupigwi. Mimi nilieleza ya wale wenzangu wa kambini waliosema nguo si mwili maana haiumi, na muuza samaki akanijibu kwamba nywele nazo haziumi, je, kichwa si mwili?

Ikabidi tupige kura. Katibu akafungua daftari la kikoba, chini ya hisa na faini za siku hiyo, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: nguo ni mwili, isipokuwa mtandio. Kura 14 kwa 9. Mweka hazina ametaka hoja irudishwe Jumapili ijayo, na amekuja kwangu mara mbili wiki hii kunishawishi nibadili kura yangu.

Zamu ya kuleta chupa ni yangu. Nimepata ya kioo.